Kukua, kukomaa au kuvundikwa? Kijana anapotwishwa utu uzima

MWALIMU mmoja wa Kiswahili mjini Lodwar ameniandikia. Wanafunzi wake walitazama filamu The Good Lie, kisha akawataka wamweleze Mamere, mhusika mkuu. Wengi wakaandika kwamba Mamere “alilazimishwa kukua”. Mwalimu anauliza: atie mkwaju mwekundu au aache ipite?

Sarufi yake haina hitilafu. Inayosumbua ni maana. Mtu hulazimishwa jambo ambalo angeweza kulikataa: hulazimishwa kula, kuhama, hata kuoa. Kukua si tendo la hiari. Mtoto hakui kwa kutaka wala hakatai kukua. Hukua usiku akiwa amelala, na asubuhi suruali imekuwa fupi. Wanafunzi wale walikuwa wakifikiri kwa Kiingereza, wakaandika kwa Kiswahili. Siwalaumu, maana hata sisi wahadhiri tunafanya hivyo kila siku.

Lakini kabla ya kutafuta neno bora, tukumbuke kisa chenyewe. Filamu hiyo ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada, inahusu watoto wa kusini mwa Sudan waliokimbia vita. Theo, mkubwa wao, ndiye anayewaongoza. Siku moja wamejificha nyasini, Mamere anainuka na wanajeshi wanamwona. Theo anamkandamiza chini, anasimama yeye, anajitoa kana kwamba hana mwenzake. Anachukuliwa. Kuanzia hapo Mamere ndiye mkuu wa wale waliosalia, na anawafikisha Kakuma.

Hata neno hilo “mkuu” lina kazi yake. Katika filamu cheo hicho kinatajwa kwa Kiingereza, na mfasiri mvivu angeandika “chifu”. Hebu fikiria Mkenya akisoma hivyo: atamwona mtoto aliyevaa sare ya kaki na kofia, anaitisha baraza! Waturkana wana neno ekapolon, ambalo humaanisha mkubwa, anayeongoza wenzake. Mwanafunzi wa Lodwar ana neno hilo nyumbani kwao, na lingemfikisha kwa Mamere haraka kuliko “chifu”.

Sasa twende kwenye vitenzi. Kiswahili kinazungumza juu ya mtu jinsi kinavyozungumza juu ya tunda. Embe hukua, yaani huongezeka ukubwa. Kisha hukomaa: kokwa huwa gumu ndani ingawa ganda lingali la kijani. Mwisho huiva. Kupevuka kuko karibu sana na kukomaa, ila tunapenda kukutumia kwa akili na fikira. Kubalehe, tulikokutoa kwenye Kiarabu, ni kwa mwili na kwa sheria ya dini. Huko Tanzania vijana wa mitaani wamelichukua “komaa” wakalifanya la kutiana moyo: “komaa, kaka”, kwa maana ya vumilia, usilegee. Hapa kwetu tungesema “jikaze” au “kaa ngumu”.

Kuna kitenzi kimoja ambacho vitabu vya shule hukitaja kwa nadra: kuvundika. Mkulima hukata mkungu wa ndizi, akaufunika kwa majani au kuuweka mahali penye joto, ukaiva upesi kuliko ambavyo ungeiva mgombani. Lakini kila mwuza ndizi anajua sharti lake. Ndizi huvundikwa ikiwa imekomaa. Ukivundika ndizi changa hupati ndizi mbivu. Ganda litanyauka, litakuwa jeusi, na ndani utakuta ugumu ule ule.

Hili ndilo ningemwambia mwalimu. Mamere hakulazimishwa kukua. Alivundikwa angali mchanga. Kitenzi hiki kinabeba mambo mawili ambayo “alilazimishwa” hakiyabebi: kwamba kuna joto la nje lililofanya kazi hiyo, na kwamba huenda ndani hapajaiva.

Ukisafiri kutoka Lodwar kwenda Kakuma, kilomita zipatazo 120, hilo si suala la kamusi tu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa namna hiyo hiyo. Walianza kuyahama makwao mnamo 1987, wakaenda Ethiopia kwa miguu, wakafukuzwa huko utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991, wakarudi Sudan, ndipo wakaingia Kenya. Wafanyakazi wa misaada waliwapa jina la “wavulana waliopotea”, kutoka hadithi ya Peter Pan. Jina hilo hunikera kila nilisikiapo. Wavulana wa Peter Pan ni watoto wasiokua. Hawa walikuwa wakiwazika wenzao njiani wakiwa na umri wa miaka minane au tisa. Na kwa Kiswahili, aliyepotea ni aliyekosa njia, au rafiki asiyepiga simu: “Umepotea sana!” Hawa njia waliijua. Nyumba ndiyo iliyopotea.

(Na kwa kuwa tuko Kakuma, niseme jambo ambalo limenikaa rohoni miaka mingi. Waandishi wa kigeni wameandika tena na tena kwamba “Kakuma” ni Kiswahili, maana yake “pasipo mahali”. Si kweli. Hakuna neno kama hilo katika Kiswahili, na atakayejaribu kulichambua kwa viambishi ataishia pabaya mbele ya wakwe zake.)

Baadhi ya wasomaji watanikumbusha methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu naye ameitaja katika barua yake, kama funzo la filamu. Hapana! Tuitumie methali hii kwa uangalifu. Ni karipio. Inachukulia kwamba mama alikuwapo, ama akazembea, ama mtoto akafanya kichwa ngumu. Kumwambia hivyo mtoto aliyetenganishwa na mamaye kwa bunduki ni kumtwika kosa lisilo lake. Sawa na kumlaumu Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora, kwa sababu mama yake alifariki Tanga, naye akafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba.

Kwa Waturkana wenyewe, miaka pekee haimfanyi mtu kuwa mzima. Hawatahiri. Wana asapan, ambapo kijana huchoma mnyama kwa mkuki na wazee humpaka kinyesi cha tumboni mwa mnyama huyo, akapokewa miongoni mwa wanaume. Anayepokewa hivyo ana watu wa kumpokea. Mamere wazee wake waliuawa. Hakuna aliyebaki wa kumpaka chochote.

Badala ya wazee kulikuwa na karani. Neno letu “mtu mzima” ni zuri ajabu: mzima ni aliyekamilika, mwenye afya, aliye hai. Katiba yetu ya 2010 inaliweka kwenye miaka 18. Lakini wengi wa vijana wale hawakuijua tarehe yao ya kuzaliwa, wakaandikiwa Januari 1. Kisha Marekani ilipoanza kuwapokea, elfu kadhaa kuanzia mwaka 2000, karatasi hiyo ndiyo iliyoamua. Chini ya miaka 18, kijana alipewa familia ya kumlea. Zaidi ya hapo alipangishiwa nyumba pamoja na wenzake na kutakiwa ajitafutie kazi. Ndugu wawili wangeweza kupishana mwaka mmoja tu katika kukisia kwa karani, mmoja akawa mtoto na wa pili mtu mzima. Kambini bado kuna kaya ambazo mkubwa wake ni msichana au mvulana wa shule, na wageni humsifu: “Amekomaa huyu!” Wangeuliza kwanza kama amekula.

Kuhusu jina la filamu, ambalo mwalimu ameomba nilitafsiri, ningesema Uongo wa Heri. “Uongo Mzuri” kunasifu ufundi wa mwongo, ilhali wa Theo pale nyasini, na wa Mamere mwishoni anapomwachia Theo pasipoti yake ili asafiri kwa jina lisilo lake, ni uongo wa kumtakia mwenzio heri.

Basi, mwalimu, usitie mkwaju. Andika pembeni “alivundikwa”, uwaulize wamekielewaje. Kama kuna atakayeandika “alivumbikwa”, kwa m, umpe alama zake zote, kwani kuvumbika nako ni kufukia majivuni au kufunika ili kitu kiive, na wapo Waswahili wasiosema vinginevyo.