Mlima Uliokutanisha Ndugu

Wahenga walisema, "Milima haikutani, binadamu hukutana." Aghalabu twaitamka mithali hii tunapoagana na rafiki, kumtuliza moyo kwamba siku moja tutaonana tena. Lakini iko nchi moja huko mashariki ya Asia ambako mithali hii ilikuwa kama imesahauliwa. Mume na mke, mama na mtoto, ndugu waliozaliwa tumbo moja, walikaa miaka hamsini na zaidi bila ya kuonana wala kupelekeana barua, ijapokuwa makao yao hayakuachana kwa mwendo wa siku moja kwa motokaa. Na baadhi yao walipopata kuonana, walikutania chini ya mlima. Nchi hiyo ni Korea, na mlima wenyewe huitwa Kumgang, maana yake Mlima wa Almasi.

Msomaji aliyepata kusimama Loitokitok alfajiri, akautazama Kilimanjaro ambao kilele chake kiko katika nchi ya Tanzania, ataelewa upesi jambo tunalotaka kulieleza. Macho hayaombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Miguu ndiyo iombayo. Sisi wenyewe twakumbuka jinsi mpaka wa Kenya na Tanzania ulivyofungwa tangu Februari 1977 hata Novemba 1983. Lakini mpaka wa Korea ni wa namna nyingine kabisa.

NCHI ILIYOKATWA KATIKATI

Korea ilitawaliwa na Wajapani tangu mwaka 1910 hata 1945. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Warusi walishika upande wa kaskazini na Wamarekani upande wa kusini, na mstari ukapigwa katikati ya ramani. Mwezi wa Juni 1950 majeshi ya Kaskazini yaliingia Kusini, vikapiganwa vita vikali kwa muda wa miaka mitatu. Mataifa mengi yalipeleka askari. Hata majirani zetu Wahabeshi walianza kupeleka vikosi vyao mwaka 1951 kwenda kuusaidia upande wa Kusini.

Tarehe 27 Julai 1953 bunduki zilinyamaza kwa mapatano ya kusimamisha vita, wala mpaka leo haujatiwa sahihi mkataba wa amani. Katikati ya pande hizi mbili uliwekwa ukanda wa ardhi wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa kilomita 240 hivi, toka bahari hata bahari, umezungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu ardhini. Kwa jina ni ukanda usio na majeshi, lakini kando zake zote mbili zimejaa askari na silaha.

Mlima Kumgang uko kaskazini kidogo ya ukanda huo, karibu na pwani ya mashariki. Zamani ulikuwa mlima wa Wakorea wote. Wakati wa Wajapani, tangu mwaka 1931, abiria waliweza kupanda gari la moshi la umeme katika mji wa Chorwon likawafikisha miguuni mwa mlima. Vita vilipokwisha, reli hiyo haikuwako tena, na mlima ukabaki upande wa Kaskazini. Watu wa Kusini waliutamani kwa macho tu. Huko Goseong, juu ya kilima kilicho jirani na mpaka, limejengwa jumba la kutazamia lenye darubini. Wazee waliokimbia vita wakiwa vijana walikuwa wakipanda hapo, wakainama juu ya darubini na kutazama milima iliyo karibu na vijiji walikozaliwa.

SIFA ZA MLIMA

Kumgang si mlima mrefu. Kilele chake kikubwa, Pirobong, hakifiki hata mita 1,700, na mlima wetu wa Kenya, wenye mita 5,199, waupita zaidi ya mara tatu. Sifa yake si urefu, bali ni majabali yake yaliyochongoka mfano wa mikuki. Wazee wa Korea walisema kwamba vilele vyake ni 12,000, ingawa hatudhani kwamba yuko aliyevihesabu. Kati ya majabali hayo hushuka maji safi, na maporomoko ya Kuryong, yaani Majoka Tisa, huanguka yapata mita 74.

Mlima huu una majina manne kwa kufuata majira ya mwaka. Wakati wa machipuko ndipo uitwapo Kumgang. Wakati wa joto huitwa Pongnae, na majani yanapogeuka kuwa mekundu huitwa Phungak. Theluji ikianguka na miti ikabaki mitupu, huitwa Kaegol, maana mawe yake huonekana kama mifupa. Mchoraji Jeong Seon aliuchora mwaka 1734, na picha yake ingali ikihifadhiwa Kusini kama hazina ya taifa. Juu ya maporomoko yako madimbwi manane, na wenyeji husimulia kwamba binti za mbinguni walishuka kuoga humo, na mkata kuni mmoja akaificha nguo ya mmoja wao ili asiweze kurudi juu. Hata katika mithali mlima huu umo: Wakorea husema kwamba Kumgang wenyewe hutazamwa baada ya kula, maana mwenye njaa haoni uzuri.

DENI LA NG'OMBE MMOJA

Mtu aliyebisha hodi mpaka mlango ukafunguliwa alikuwa Chung Ju-yung, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya Hyundai. Alizaliwa mwaka 1915 katika nyumba ya wakulima maskini huko Tongchon, si mbali na Kumgang, upande ambao sasa ni Kaskazini. Alipokuwa kijana alitoroka nyumbani kwenda kutafuta kazi mjini, naye alichukua fedha ambazo baba yake alizipata kwa kuuza ng'ombe. Miaka ikapita, akawa tajiri mkubwa, lakini ng'ombe yule hakumtoka moyoni.

Mwezi wa Juni 1998, akiwa mzee wa miaka themanini na ushei, alivuka mpaka pamoja na malori yaliyochukua ng'ombe 500, zawadi kwa watu wa Kaskazini. Oktoba mwaka uo huo akapeleka 501 wengine. Jumla yao ni 1,001: mmoja wa kulipa deni la baba, na elfu moja kuwa faida yake. Wafugaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya malipo ya namna hiyo.

Baada ya mazungumzo na wakuu wa Kaskazini, kampuni yake ilipewa ruhusa ya kupeleka wageni Kumgang, nayo ikakubali kulipa dola milioni 942 kwa muda wa miaka sita na kitu. Kampuni ilipata hasara, na masharti hayo ikabidi kugeuzwa baadaye. Hata hivyo, tarehe 18 Novemba 1998 meli ya kwanza iling'oa nanga katika bandari ya Donghae, nayo ina wageni zaidi ya 800. Wengi wao walikuwa wazee. Walisafiri usiku kucha, na kulipopambazuka waliiona nchi ambayo hawakuikanyaga tangu vita.

SAFARI YENYE MASHARTI

Mgeni wa Kumgang hakutembea apendavyo. Kila mtu alivaa shingoni kadi yenye jina na picha yake, na aliyeipoteza alitozwa faini. Simu za mkononi na magazeti viliachwa Kusini. Darubini kali na kamera za kupigia picha za mbali zilikatazwa. Tangu mwaka 2003, wageni walipoanza kupita nchi kavu katika mabasi, barabara ilizungushiwa ua pande zote mbili, na askari walisimama kandokando. Ndani ya basi ilikuwa marufuku kupiga picha. Mlimani mgeni aliruhusiwa kupiga picha ya jabali na mti, lakini si ya askari wala ya kijiji. Kutupa takataka kulikuwa na faini, na baadhi ya mawe yalikuwa yamechongwa maneno makubwa ya kuwasifu viongozi wa Kaskazini, ambayo haikufaa kuyafanyia mzaha.

Hatari kubwa ilikuwa katika maneno. Mwezi wa Juni 1999 mama mmoja wa Kusini alizungumza na mlinzi wa mlimani habari za watu waliotoroka Kaskazini na jinsi wanavyoishi Kusini. Alikamatwa akawekwa kizuizini siku kadhaa, na safari zote zikasimamishwa mpaka Agosti.

Pamoja na hayo watu walikwenda. Kufikia Juni 2005 wageni milioni moja walikuwa wamefika Kumgang, na kabla ya safari kukoma walikaribia milioni mbili. Je, ni majabali tu yaliyowavuta? Hapana. Kwa mzee aliyezaliwa Kaskazini, kupanda mlima huu kulikuwa ni njia ya kukanyaga tena ardhi ya wazazi wake, ijapokuwa kijiji chake chenyewe hakuruhusiwa kukifikia.

MACHOZI CHINI YA MLIMA

Tangu mwaka 2002 serikali hizo mbili zilipatana kwamba Kumgang pawe mahali pa kuwakutanisha watu wa jamaa moja waliotengwa na vita. Watu zaidi ya 130,000 wa Kusini walikuwa wamejiandikisha katika muda wa miaka mingi, lakini kila mara nafasi zilikuwa za watu wachache tu, nao waliochaguliwa walichaguliwa kwa bahati nasibu. Mkutano ulikuwa wa siku tatu, na saa walizokaa pamoja ndugu hao hazikuzidi kumi na mbili hivi.

Msomaji, hebu fikiri. Mama alimwacha mwanawe akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa amkuta mzee mwenye mvi. Waulizana nani amekufa na amezikwa wapi. Waonyeshana picha zilizofifia. Kisha siku ya tatu basi lawashwa. Walio ndani waweka viganja vyao juu ya kioo, na walio nje waweka vyao papo hapo upande wa pili, mpaka gari liondoke. Baada ya hapo hapana barua wala simu.

RISASI YA ALFAJIRI

Tarehe 11 Julai 2008, kabla ya jua kuchomoza, mwanamke mmoja wa Kusini mwenye umri wa miaka 53 alitoka katika hoteli yake huko Kumgang akatembea ufukoni. Askari wa Kaskazini alimpiga risasi akafa. Wakuu wa Kaskazini walisema kwamba aliingia katika eneo la jeshi na kwamba aliamriwa kusimama akakimbia. Serikali ya Kusini ilitaka uchunguzi ufanywe na pande zote mbili, ikakataliwa. Mara safari zikasimamishwa, wala hazijaanza tena.

Mikutano ya jamaa iliendelea mara chache baada ya hapo, na ya mwisho ilifanyika Agosti 2018. Mwaka 2019 Kim Jong Un, kiongozi wa Kaskazini, aliamuru majengo yaliyojengwa na watu wa Kusini yaondolewe, na mengi yamekwisha kubomolewa. Tarehe 15 Oktoba 2024 askari wa Kaskazini walilipua barabara zinazounganisha pande mbili, pamoja na ile ya pwani ya mashariki ambayo mabasi ya wageni yaliipita. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kusini ilitoa habari kwamba hata jumba la kukutania jamaa lilikuwa likibomolewa. Na Julai mwaka uo huo UNESCO iliuandika mlima Kumgang katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hivyo dunia nzima imekiri kwamba mlima huu ni mali ya watu wote, lakini yule aliyezaliwa chini yake, akaishi Kusini, hana njia ya kuufikia.

FUNDISHO LAKE

Wako wasemao kwamba safari zile hazikuwa na maana, maana fedha zilikwenda kwa watawala na wageni walichungwa kama mifugo. Wengine husema kwamba mlango mwembamba ni bora kuliko ukuta. Sisi twaona kwamba wote wawili wana neno la kweli. Mlango ule ulikuwa mwembamba, nao ulinunuliwa kwa bei kubwa. Lakini palipokuwa na mlango, mama alimshika mwanawe mkono.

Kosa lilikuwa kwamba ulitegemea hisani tu. Hapakuwa na sheria madhubuti ya kumlinda mgeni, wala mahali pa kusuluhisha jambo likiharibika. Kwa hiyo risasi za alfajiri moja zilitosha kufunga kilichongojewa miaka hamsini. Nchi zinazopakana, zikitaka watu wao watembeleane kwa amani, hazina budi kuandika mapema nini kitafanywa siku ya msiba, wala zisingoje msiba ufike ndipo zianze kubishana.

Katika wale zaidi ya 130,000 waliojiandikisha, zaidi ya nusu wamekwisha kufa, na wengi wa waliosalia wamepita miaka themanini. Mlima Kumgang waweza kungoja miaka mingine elfu, lakini wazee hawa hawawezi.