Mfereji wa Majitaka si Shimo la Kusahaulia

Kila siku alfajiri, malori yanapoanza kunguruma kuelekea mpakani, moshi wa mekoni huanza kupaa mjini Tororo na katika Busia zote mbili, ile ya Uganda na ile ya Kenya. Chapati hukaangwa, supu huchemka, nguo hufuliwa kwa malipo, wateja huoshwa nywele katika saluni, na madereva hupeleka magari yao kuoshwa vumbi la safari. Miongoni mwa wenye biashara hizo ndogo wamo wake wa askari jeshi na wa polisi, ambao shilingi wanayoipata huongezea mshahara wa nyumbani na kulipia karo za watoto. Kazi zote hizo zahitaji maji. Na maji yakishatumika, hayana budi kwenda mahali fulani.

Ni wachache wanaojiuliza yanakwenda wapi. Mama akishamwaga beseni lake katika sinki au katika chemba iliyo nyuma ya duka, na maji yakatoweka machoni pake, huona kwamba kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza. Mfereji wa majitaka ni mali ya mtaa mzima, na lolote analolitia mmoja humfikia mwenziwe.

SAFARI YA MAJI

Mji wa Tororo huhudumiwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoanzishwa mwaka 1972. Majitaka ya nyumba na maduka yaliyounganishwa hupita katika mabomba yaliyozikwa ardhini hadi kwenye mabwawa ya kusafishia. Humo hamna mtambo wa ajabu. Uchafu mzito hutuama chini. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula uchafu uliobaki, na mimea midogo ya kijani, ikipata mwanga wa jua, hutoa hewa ya oksijeni ambayo vijidudu hivyo huihitaji. Mwishowe jua na muda hupunguza vimelea vya maradhi. Maji hukaa humo siku nyingi kabla ya kuachwa yaende zake.

Basi yafaa ieleweke kwamba vijidudu hivyo ni wafanyakazi, na uwezo wao una kikomo. Mafuta yakitanda juu ya bwawa, mwanga hauingii. Oili chafu ya magari, petroli na dawa kali zikimwagwa kwa wingi, wafanyakazi hao hufa. Bwawa likiharibika hivyo hutoa uvundo, na maji yatokayo humo huondoka na uchafu wake.

ADUI NI MAFUTA

Aghalabu madhara hayangoji hadi bwawani. Mafuta ya kukaangia yakiwa moto hupita katika bomba kama maji. Mbele kidogo hupoa, huganda na kushika kuta zake. Jivu la kusugulia sufuria, mchanga na mabaki ya wali hunasa papo hapo. Siku hadi siku njia huwa nyembamba, mpaka bomba linaziba na chemba zinafurika.

Majitaka yanayorudi hayamtafuti aliyeziba bomba. Hutokea penye chemba iliyo chini zaidi, pengine uani kwa jirani, pengine mahali watoto wanapochezea. Kipindupindu, kilichoingia Uganda na Kenya mwaka 1971 na ambacho kimerejea mara nyingi tangu wakati huo, hufuata njia hiyo hiyo ya kinyesi, maji, mkono na mdomo. Mwenye hoteli naye hupata hasara mara mbili: wateja hukimbia uvundo, na afisa wa afya aweza kuufunga mlango wake.

Hata miji mikubwa ya ulaya haikuokoka. Mwaka 2017, mjini London, wafanyakazi walikuta katika mfereji ulio chini ya mtaa wa Whitechapel donge la mafuta yaliyogandamana na vitambaa vilivyotupwa chooni. Urefu wake ulikuwa meta 250 na uzito wake tani 130, na kulivunja kulichukua majuma mengi. Donge lile lilijengwa kidogo kidogo, kikaango baada ya kikaango.

MTO HAUNA PASI

Katika Busia jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya mpaka. Upande wa Kenya mji una mabomba ya majitaka, ingawa si kila duka limeunganishwa; upande wa Uganda nyumba na maduka mengi hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya kupokelea majitaka, yanayonyonywa kwa magari maalumu. Lakini mito haisimami penye kizuizi cha forodha ili ionyeshe pasi. Mto Sio, ambao sehemu yake ndiyo mpaka wenyewe, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Malaba, ambao mji wa Tororo huchota maji humo, huelekea Ziwa Kyoga. Anayemwaga oili chafu mtaroni katika nchi moja humnywesha jirani wa nchi ya pili.

Ndiyo maana sheria zimetungwa pande zote mbili. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 ziliweka vipimo vya majitaka yanayoachwa yaende mtoni au ardhini. Zile za Kenya za mwaka 2006 ziliagiza kwamba maji yanayoingia katika mfereji wa umma yasizidi joto la sentigredi 35, wala yasibebe zaidi ya miligramu 250 za chembe za uchafu katika kila lita. Mama wa hoteli hana maabara, lakini kwa kazi ya mikono yake aweza kuvikaribia vipimo hivyo.

LA KUFANYA

Kwanza, sahani na sufuria zikwanguliwe na kufutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Mabaki yatiwe katika ndoo ya taka, na penye tundu la sinki pawekwe chujio. Hayo hayana gharama kubwa.

Pili, mafuta yaliyochakaa yaachwe yapoe, kisha yahifadhiwe katika debe. Wapo wayatumiao kutengeneza sabuni. Kuyasukuma kwa maji ya moto hakusaidii, kwani yatagandia mbele.

Tatu, mwenye hoteli na ajengewe sanduku la kunasa mafuta, la matofali na saruji, lenye mfuniko, kabla ya maji kuingia bombani. Humo maji hupoa na kutulia. Mafuta huelea, mashapo hutuama, na maji ya katikati hutoka kwa bomba ambalo mdomo wake umeelekezwa chini. Mafuta na mashapo yakifika robo ya kina, lisafishwe. Lisiposafishwa ni kama halipo.

Nne, penye kuoshea magari pawe na shimo la kutuamisha mchanga, na baada yake sanduku la kunasa oili. Oili iliyomwagwa kutoka injini ikusanywe katika debe, isiguse mfereji kamwe.

Tano, maji ya mvua kutoka mapaani yasielekezwe katika bomba la majitaka, maana hulijaza kupita kiasi. Na asiye na bomba aite gari la kunyonya shimo lake lingali na nafasi, asingoje mvua ya usiku ili alifungulie mtaroni.

Sita, chemba ikiziba, mtu yeyote asiingie ndani yake, hata kama ni askari shupavu. Hewa yenye sumu iliyomo huweza kumwangusha mtu kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Waitwe mafundi wa shirika wenye vifaa.

Askari husimama mpakani usiku kucha ili adui asipenye. Ingekuwa hasara kubwa iwapo maradhi, ambayo hayabebi silaha, yangeingia nyumbani kwake kwa kupitia tundu la sinki. Kulinda tundu hilo ni kazi ya kila aliyemo nyumbani, nayo yaweza kuanza leo, kwa ndoo moja na chujio moja.