Uani Mwako Kuna Dimbwi?

Msomaji, kama unakaa Kisauni, Likoni au Changamwe katika nyumba ya vyumba vya kupanga, bila shaka unaijua kero hii. Mvua ya masika imekatika, jua limewaka, lakini uani maji yametuama palepale yalipotuama mwaka jana. Watoto wanateleza. Yakikaa juma zima, mbu wamekwisha kuzaliwa, na Mombasa haijasahau chikungunya ya 2017 na 2018.

Wengi hukoroga saruji wakaipaka juu ya shimo. Ni pesa za bure! Masika hayajaisha, kiraka kimebanduka kama ukoko wa wali.

Ngoja sakafu ikauke. Mwaga ndoo ya maji, kisha zungushia chaki pale yanapotuama. Sasa fundi ashike tindo, aichimbechimbe sakafu mpaka iparuze, aondoe vumbi, ailowanishe na apake uji wa saruji. Kabla uji haujakauka, ajaze mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Kila mita ishuke sentimita moja au mbili kuelekea mtaroni, si mlangoni kwa jirani, tafadhali! Mchanga wa ufuoni, hata ukiwa wa bure, uache hukohuko. Una chumvi, na sakafu itavuta unyevu daima. Mwisho funika kwa magunia, uyaloweshe kwa siku saba.

Je, mwenye nyumba akisema hana pesa? Changeni wapangaji, lakini kwanza aandike na kutia sahihi kwamba gharama itakatwa kwenye kodi.