Majani Makavu Si Takataka

Asubuhi ukipita mitaa ya Kisauni, Likoni au Changamwe utaona moshi ukipanda nyuani. Watu wamefagia majani ya mwembe na mwarobaini, nao wanayachoma. Halafu mtu huyo huyo huja kwa Bwana Shamba kuuliza kwa nini mchicha wake umekuwa manjano, na kulalamika kwamba mbolea ya dukani ni ghali. Sikucheki, kwa maana hata mimi zamani nilikuwa nikichoma. Nitakueleza kilichonifanya niache.

Huko Bamburi, upande wa Kisauni, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha mashimo makubwa yasiyo na udongo. Chini ni jiwe tupu, na maji yaliyo karibu yana chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na mmoja wao ni mvinje, mti tuujuao sote hapa pwani.

Mvinje ulifaulu kwa sababu mbili. Kwanza, unavumilia chumvi. Pili, mizizi yake ina vifundo, na ndani yake mna vijidudu vinavyovuta naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Lakini ikatokea shida: majani yake ni magumu, yakianguka hayaozi upesi, nayo yakalundikana juu ya jiwe. Ndipo wakaletwa majongoo. Jongoo aliyala majani yale, na kinyesi chake kikawa mboji. Mboji ikafanya udongo, na miti mingine ikaota. Leo mahali pale pana msitu, nao huitwa Haller Park.

Basi fikiri: ikiwa jiwe tupu lilipata udongo kutokana na majani makavu, je, kiwanja chako kitashindwa?

Fanya hivi:

1. Usichome majani. Yalundike pembeni penye kivuli.

2. Panga tabaka la majani makavu, kisha maganda ya mboga na majani mabichi, kisha samadi ya kuku au mbuzi. Rudia.

3. Nyunyiza maji, lakini usiloweshe kupita kiasi. Geuza lundo mara kwa mara.

4. Likiwa jeusi, linavunjika mkononi na kunukia udongo, tia katika matuta ya mboga.

5. Ukimwona jongoo katika lundo usimwue. Ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

Ukitaka kupanda mvinje, usiupande karibu na ukuta wala matuta ya mboga, kwa kuwa mizizi yake hunywa maji mengi.

Kazi hii haitaki fedha, yataka subira tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kesho ukishika ufagio, acha kiberiti jikoni.