Je, Wajua? Kwanza Hesabu Macho ya Buibui

Je, wajua kwamba takriban nusu ya buibui wote duniani hawategi utando wa kunasia mawindo? Hutembea, hunyatia, huvizia, hurukia. Uzi wanao, ila huutumia kufungia mayai, kutandika maficho, au kujishikiza wasianguke.

Je, wajua kwamba spishi za buibui zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zimepita 50,000? Orodha ya dunia nzima inatunzwa na Makumbusho ya Viumbe Asilia ya Bern, Uswisi. Aliyetimiza 50,000 aliingizwa Aprili 2022: Guriurius minuano, buibui mrukaji wa Amerika Kusini. Familia zenyewe zimezidi 130. Kwa hiyo kumwona mmoja akikatiza ukutani huko Buzuruga, Mwanza, na kumwita "buibui" tu ni sawa na kusimama stendi na kuita kila kinachopita "gari". Gari lipi? La wapi?

Buzuruga, kando ya barabara ya Musoma, ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Nyumba za Mwanza zimekaa juu na katikati ya mawe makubwa yenye nyufa, na taa za barazani huvuta wadudu wa ziwa usiku kucha. Penye wadudu na nyufa, wawindaji hawakosekani.

Je, wajua kwamba buibui wazururaji wana familia yao rasmi? Inaitwa Ctenidae. Aliyeiunda ni Eugen von Keyserling, mwaka 1877, lakini jenasi yake ya kwanza, Ctenus, ilikwisha kupewa jina na Mfaransa Walckenaer mwaka 1805. Leo familia hii ina spishi zaidi ya 500 katika jenasi karibu 50. Wengi wao huishi nchi za joto, Afrika, Asia na Amerika, chini kwenye majani makavu ya msituni, na huwinda usiku.

Watambuliwe vipi? Kwa macho. Buibui wengi wana macho manane, na namna yalivyopangwa usoni ndicho kitu cha kwanza mtaalamu anachokitazama. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ivute karibu, kisha mtazame buibui uso kwa uso. Mzururaji wa Ctenidae ana macho mawili chini, manne katika mstari wa kati, mawili juu nyuma: 2-4-2. Ukiona manne madogo chini, mawili makubwa yakikukodolea katikati, na mawili mengine nyuma juu ya kichwa, huyo ni buibui-mbwamwitu, familia ya Lycosidae, yenye spishi zaidi ya 2,400. Mistari miwili ya manne manne ni ya Sparassidae, wale wakubwa wenye miguu iliyotandazwa ubavuni mithili ya kaa. Macho mawili ya mbele makubwa kupita kiasi, na kichwa kinachokugeukia ukisogea? Mrukaji, Salticidae, familia kubwa kuliko zote, spishi zaidi ya 6,000.

Na yule bapa kabisa, anayelala amejibana ukutani hadi ukadhani ni doa, mpaka umguse ndipo apotee? Huyo ni Selenops, wa familia ya Selenopidae. Macho sita yamepangwa mbele kwa mstari mmoja, mawili yako nyuma. Ubapa wake ndio unaomwezesha kuingia kwenye ufa wa jiwe au nyuma ya fremu ya picha. Sifa yake kubwa ni mgeuko. Mwaka 2018 watafiti Yu Zeng na Sarah Crews walipima kwa kamera za kasi jinsi buibui wa jamii hii anavyogeuka kumkabili mdudu aliye nyuma yake, wakakuta kasi inafika nyuzi 3,000 kwa sekunde. Zoezi zima huisha ndani ya sehemu moja ya nane ya sekunde. Nzi aliyetua nyuma yake hana usalama zaidi ya aliyetua mbele.

Je, wajua kwamba kucha nazo husema ukoo? Buibui-mbwamwitu ana kucha tatu kwenye kila mguu na hawezi kupanda kioo kisafi. Ctenidae wengi wana kucha mbili na kifungu cha manyoya laini kati yake. Manyoya hayo hunasa kwenye uso laini kabisa, ndiyo maana wanapanda jani lenye utelezi bila shida. Aliyetumbukia kwenye beseni la plastiki akashindwa kutoka amekwisha kukupa dokezo.

Mayai pia. Mama wa mbwamwitu hubeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, palepale uzi unapotokea, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni kwake kwa makumi. Wa familia ya Pisauridae hukibeba kifuko kwa meno. Heteropoda venatoria, yule wa Sparassidae anayeishi majumbani, hukikumbatia chini ya kifua.

Huyo Heteropoda anastahili maneno mawili zaidi. Linnaeus alimpa jina mwaka 1767. Inadhaniwa asili yake ni Asia, na vyombo vya baharini vimemsambaza karibu nchi zote za joto, pamoja na Afrika Mashariki. Chakula chake kikubwa ndani ya nyumba ni mende. Mwenye nyumba anayemkimbiza kwa ndala anajiongezea mende mwenyewe, na nasema hivi kwa moyo wote: mwacheni.

Lakini je, ni kweli kuna buibui mzururaji anayejificha kwenye ndizi na kuua watu? Mwenye sifa hiyo yupo, naye ni wa Ctenidae: jenasi Phoneutria, iliyopewa jina na Mjerumani Perty mwaka 1833. Mwili wake hufika sentimita 5, na miguu ikinyooshwa hupita sentimita 15. Akitishwa hakimbii. Hunyanyua miguu yake minne ya mbele juu kabisa, anakuonyesha rangi na meno, huku akiyumba kushoto na kulia. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Hata hivyo wengi wanaoumwa hupata maumivu makali na kupona. Wachache, hasa watoto, ndio huhitaji dawa ya kupambana na sumu, na dawa hiyo hutengenezwa na Taasisi ya Butantan ya São Paulo. Sasa sikiliza vizuri: Phoneutria ni wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Mikungu inayoshushwa Mwanza inatoka Kagera na Tarime. Anayechomoka kwenye chane ya ndizi sokoni si yeye.

Hata huko kwenye maboksi ya ndizi zinazosafirishwa kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini hadi Marekani, buibui wengi wanaopelekwa kwa wataalamu kwa hofu huonekana kuwa wasio na madhara. Mmoja anayejitokeza mara kwa mara ni Cupiennius.

Na Cupiennius anatufikisha kwenye utamu wa somo lenyewe. Kwa miaka mingi aliwekwa katika Ctenidae. Cupiennius salei amefugwa maabara kwa miongo, na mengi tunayoyajua juu ya jinsi buibui anavyohisi mtikisiko wa jani au upepo wa mbawa za nzi yametoka kwake, hasa kwa kazi ya Friedrich Barth na wenzake huko Vienna. Vitabu vikamwita mzururaji. Kisha mwaka 2019 Luis Piacentini na Martín Ramírez walichapisha nasaba iliyopangwa kwa vinasaba, na Cupiennius akahamishiwa familia nyingine, Trechaleidae. Buibui hakubadilika hata unywele. Kilichobadilika ni ujuzi wetu wa ndugu zake.

Hakuwa wa kwanza kuhama. Buibui fulani wa Madagaska, akina Viridasius, waliondolewa Ctenidae mwaka 2015 wakapewa familia yao wenyewe, Viridasiidae.

Kwa nini uhamisho huu hauishi? Kwa sababu yale macho niliyokuambia uhesabu yanaweza kudanganya. Mwaka 2023 Nicolas Hazzi na Gustavo Hormiga walipanga upya ukoo wa wazururaji kwa kutumia vinasaba, wakaonyesha kwamba mpangilio wa macho wa namna hii umejitokeza zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Wawindaji wa usiku wasio na udugu wa karibu wamefika kwenye uso unaofanana. Kwa hiyo macho hukufikisha mlangoni pa familia, ila hayakuhakikishii kwamba umeingia nyumba sahihi.

Basi mtaalamu hufanya nini? Anatazama sehemu za uzazi chini ya hadubini. Dume aliyekomaa ana vipapasio viwili mbele ya uso vilivyovimba nchani, vyenye ndoano, miiba na vimirija vya kupitishia mbegu. Jike ana bamba gumu chini ya tumbo lenye matundu na mikunjo yake. Umbo la viungo hivi hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale rangi zinapofanana kabisa. Ndiyo maana buibui mchanga, ambaye hajakomaa, mara nyingi hushindikana kupewa jina la spishi hata na bingwa, na ndiyo maana picha ya simu peke yake haitoshi. Wanaotaka kujifunza kwa kina wana kitabu cha Ansie Dippenaar-Schoeman na Rudy Jocqué cha mwaka 1997 kuhusu buibui wa Afrika, na bado kinategemewa.

Jenasi ya Ctenus yenyewe ilikuwa kapu. Kwa zaidi ya karne, karibu kila mzururaji wa Afrika au Asia aliyeonekana kufanana nao alitupwa humo. Sasa wanatolewa mmoja mmoja. Mwaka 2022 Mjerumani Peter Jäger alitenga kundi kubwa la Asia na kuliundia jenasi mpya, akaiita Bowie, kwa heshima ya mwanamuziki David Bowie, na spishi zake nyingi zikabeba majina yanayotokana na nyimbo zake.

Afrika yetu je? Ipo Africactenus, iliyotenganishwa na Hyatt mwaka 1954. Ipo Anahita, ambayo ina ndugu Afrika, Asia na hata Amerika Kaskazini. Ipo Trogloctenus ya mapangoni, inayojulikana Kongo. Na ipo moja ya jirani kabisa: Arctenus taitensis, kutoka Milima ya Taita, Kenya, iliyotangazwa mwaka 2014 na Daniele Polotow wa Brazili na Rudy Jocqué wa Ubelgiji. Jenasi mpya nzima, siyo spishi tu, kutoka kwenye vipande vya msitu ambavyo mtu anaviona akiwa kwenye basi la Voi. Milima hiyo ni mwanzo wa tao la milima linaloshuka hadi Usambara, Uluguru na Udzungwa. Ningependa sana kuona vijana wetu wa biolojia wakishika hadubini kwa ajili ya misitu hiyo kabla haijapungua zaidi.

Je, wajua kwamba kando ya Ziwa Victoria yupo mwindaji anayependa damu yako bila kukuuma? Evarcha culicivora ni mrukaji asiyefika sentimita 1, anayejulikana kutoka upande wa Kenya na Uganda, na amechunguzwa sana huko Mbita, Kenya. Anawinda mbu, na humchagua jike wa Anopheles aliyekwisha kunywa damu. Anamtambua kwa mkao: mbu huyo hutua tumbo likiwa limeinuka. Mwaka 2011 Fiona Cross na Robert Jackson walionyesha kwamba harufu ya soksi iliyovaliwa humvuta. Na aliyekula mbu mwenye damu huvutia zaidi wachumba.

Je, wajua kwamba unaweza kuwahesabu buibui wawindaji gizani? Weka tochi usawa wa macho yako, siyo kiunoni, umulike mawe na nyasi. Nyuma ya macho yao kuna tabaka linalorudisha mwanga, nalo litakujibu kwa nukta za kijani zinazometa. Wengi watakuwa mbwamwitu. Pembeni ya maji na matete unaweza kukutana na Nilus, mvuvi wa familia ya Pisauridae, ambaye huweka miguu ya mbele juu ya maji kusikiliza mtikisiko, na huweza kukamata hata kisamaki. Vitabu vya zamani humwita Thalassius. Jäger aliunganisha majina hayo mwaka 2011.

Na wa kuchunga ni yupi basi? Siyo mzururaji. Ni Latrodectus geometricus, mdogo, wa kahawia, mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, aliyeenea nchi za joto. Hukaa kwenye utando wake uliovurugika chini ya kiti cha plastiki, kwenye ukingo wa ndoo, nyuma ya mlango wa choo cha nje. Utamjua kwa vifuko vyake vya mayai: vya mviringo, rangi ya maziwa, vyenye vimiba pande zote. Ukiviona chini ya kiti, vitoe kwa kijiti kabla ya kuweka mkono.