Fahamu: Una haki gani ya kujua kilichomo kwenye unga wako?

Oktoba 2022 serikali ya Kenya iliondoa marufuku ya miaka 10 dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa kijeni (GMO), na kesi zikafuata mahakamani. Mnunuzi naye anauliza: nitajuaje ninachokula?

Katiba inasemaje?
Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, taarifa za kumwezesha kunufaika nazo, ulinzi wa afya yake, na fidia bidhaa mbovu ikimletea hasara.

Na lebo?
Kanuni za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kitambulishwe kwenye lebo.

Pengo liko wapi?
Mahindi yanayopimwa kwa gorogoro sokoni hayana pakiti ya kusoma. Anayeyanunua, mara nyingi mwenye kipato kidogo, hubaki gizani. Haki hii ya kujua isiishie kwenye rafu za supamaketi.

Ufanye nini?
Uliza mahindi yalitoka wapi na yalikaushwaje. Mbali na suala la GMO, yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumu ya aflatoksini. Kuuliza si usumbufu; ni haki yako.