Bima ya afya: mfanyabiashara mdogo wa Kabalagala ana njia gani?

Kabalagala, mtaa wa Kampala ulio kando ya Barabara ya Ggaba, hujulikana kwa saluni, mikahawa na vibanda vya kutuma fedha kwa simu vinavyofanya kazi hadi usiku. Mwenye kibanda ni mwajiri wake mwenyewe. Akilazwa hospitalini, gharama hutoka kwenye mtaji wake, na huku biashara imefungwa.

Uganda haina bima ya afya ya taifa. Machi 2021 Bunge lilipitisha mswada wa kuianzisha, lakini haukupata saini ya Rais. Kwa hiyo kila mfanyabiashara hujitafutia njia.

Hospitali za serikali

Ada katika vituo vya umma zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Wakazi wa Kabalagala wana Hospitali ya Kiruddu katika tarafa yao ya Makindye. Hata hivyo, dawa zinapokosekana, mgonjwa huandikiwa akanunue nje kwa fedha zake.

Bima za kampuni binafsi

Kampuni za bima kwa kawaida hupendelea vikundi. Mtu anayekuja peke yake huenda tayari anaumwa, ilhali katika kikundi, michango ya walio wazima husaidia kumtibu mgonjwa. Ndiyo maana mwenye saluni na wasaidizi wake wawili anaweza kupata masharti nafuu zaidi akijiunga kupitia SACCO au chama cha wafanyabiashara kuliko akienda peke yake.

Bima ya jamii

Mfano wa siku nyingi uko Kisiizi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako hospitali ya eneo hilo ilianzisha mpango wake mwaka 1996. Familia hujiunga kupitia vikundi vya engozi, ambavyo asili yake ni majirani kusaidiana kubeba wagonjwa kwa machela. Mpango huo ulitumia vikundi ambavyo watu walikuwa tayari wanaviamini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Je, kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA?
- Ni hospitali zipi zinazoikubali kadi yake, na je, ziko karibu?
- Kikomo cha matibabu kwa mwaka ni kiasi gani?
- Muda wa kusubiri ni miezi mingapi, hasa kwa uzazi?
- Je, kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine ya awali yanalipiwa?
- Mgonjwa hujilipia kiasi gani kila aendapo kutibiwa?

Asiyemudu bima anaweza kutenga akiba ya matibabu, mbali na fedha za biashara. Lakini akiba hulipa kile kilichokwisha kuwekwa tu. Upasuaji mmoja unaweza kuimaliza. Kwa sababu ya muda wa kusubiri, anayetaka bima hana budi kujiunga angali mzima.